Fundi wa Mabegi Kulwa na Doto

Huyu ninayewaambia hakuwahi kupanda pikipiki hata siku moja. Hata kupakiwa nyuma alikataa. Ukimwambia, Fundi, panda tukusogeze msibani, anakujibu, "Tangulieni, nakuja," halafu anakuja kwa miguu yake, nyinyi mmeshakula na mmeshanawa. Na huyohuyo ndiye aliyeshona mabegi ya pikipiki unayoyaona kuanzia Isaka mpaka huko ndani kwenye machimbo ya Geita. Yale ya turubai, laini, mawili mawili, moja kushoto moja kulia, yameunganishwa na mikanda inayopita juu ya siti. Ukiyaona popote, jua ni mkono wake, au ni mtu aliyeuiga mkono wake vibaya.

Mimi nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi tu. Nauza chai na maandazi, na michembe na matobolwa, vile viazi vyetu vya kukausha, hapo kwenye kituo barabara ya Kahama kwenda Geita. Kibanda chake kiliegemea changu. Nguzo ya katikati ilikuwa yetu wote, upande wangu natundika sufuria, upande wake anatundika mabegi. Jina lake nalijua, ila silitaji, maana mwenyewe hakulipenda, alisema jina ni la kuitwa na askari. Sisi tukamwita Fundi, ikatosha. Alizaliwa wapi, ukoo gani, msiniulize, na mimi sikumuuliza. Mtu akishakukuta asubuhi akakusalimu "Mwangaluka mayu," na akakusaidia kushusha ndoo kichwani, unataka ukoo wake wa nini?

Sasa ngoja niwaambie alivyokuwa anafanya kazi, maana hapo ndipo nilipokuwa nacheka mpaka chai inachemka inamwagika.

Ukienda kwake kutaka begi, hakuulizi begi la namna gani. Anakuuliza, "Pikipiki iko wapi?" Ukisema nimeiacha nyumbani, anarudi kwenye cherehani yake, mazungumzo yameisha. Ukiileta, anaizunguka. Anachuchumaa upande wa ekzosi, anapima kwa kiganja kutoka kwenye bomba mpaka kwenye siti. Anashika keria, anaitikisa kama anataka kuing'oa. Halafu anakwambia ukae.

Mtu anakaa.

"Sio hivyo," anasema Fundi. "Hapo umekaa kama unapigwa picha. Kaa kama umetoka Ushetu na mvua imekunyeshea."

Mtu anainama kidogo, anapanua magoti.

"Eeh. Sasa magoti yako nayaona yanapokwenda. Unabeba nini?"

"Vitu vya kawaida tu, Fundi."

"Vya kawaida ndiyo nini? Mchele? Nguo? Kuku?"

"Kuku mara mojamoja."

"Basi sema kuku! Kuku anapumua. Ukiniambia vya kawaida nitakushonea begi la mchele, kuku afe, uje unitukane hapa mbele ya mama wa watu."

Mama wa watu ndiyo mimi.

Yale mabegi mawili aliyaita Kulwa na Doto, kama tunavyowaita mapacha huku kwetu. Kulwa ni la kulia, upande wa ekzosi. Hilo alilitia kibati ndani ya turubai mbili ili moto usiunguze mzigo. Doto la kushoto, halina kibati, kwa hiyo Doto ni jepesi, na ilibidi ujue hivyo unapopakia. Watu wazima kabisa, wenye ndevu, ungewasikia wanasema, "Fundi, Doto wangu amechanika," na Fundi anauliza, "Amechanika wapi, mdomoni au tumboni?" Mgeni akipita anadhani wanaongelea mtoto.

Turubai alilitoa Isaka, yale ya malori yaliyochoka, yaliyopigwa jua na mvua njia nzima mpaka nchi za watu. Alisema turubai jipya ni jeuri, halikunjiki, lazima kwanza lori lilifundishe adabu. Mikanda ni ile ya siti za magari yaliyopinduka. Uzi wa nailoni aliupitisha kwenye nta ya nyuki, mkono mmoja umeshika nta, mwingine unavuta uzi, hwiii, hwiii, asubuhi nzima. Mimi harufu ya nta nilishaizoea hata kwenye maandazi.

Na hapo kwenye maandazi ndipo penyewe. Begi likiisha hakukupa uondoke nalo. Kwanza analitia mchanga, analitundika kwenye nguzo yetu, analiacha lining'inie kutwa. Kesho yake anamwaga mchanga, ananyoosha mkono kwenye dirisha langu bila hata kugeuza shingo. "Mama Kabula, la majaribio." Nampa andazi moja. Analitia ndani ya begi, anakunja mdomo wa begi mara tatu, anabana mkanda, halafu anamwagia ndoo nzima ya maji mbele ya mwenye begi na mbele ya kila anayetaka kuona. Anasubiri. Anafungua. Anatoa andazi, analiinua juu watu walione, analila. "Kavu," anasema. Hapo ndipo begi linakuwa lako. Kama limelowa, analila vilevile, hasemi kitu, anafumua anaanza upya. Nilishawahi kumwona anakula matatu ya maji siku moja kwa begi moja la mkatekista.

Kuna wakati walipita wageni, wazungu wawili, mume na mke nadhani, na mapikipiki makubwa kama ng'ombe dume, wametokea upande wa Rwanda wanakwenda Mwanza. Begi la yule mama lilikuwa limeungua tundu kwa ekzosi. Fundi hakujua lugha yao, wao hawakujua yake. Akalivua lile begi, akaligeuza ndani nje, akalilaza mapajani kama anamwogesha mtoto. Alikaa nalo mchana mzima, analikunja, analikunjua, ananusa gundi yake. Wale wazungu walikunywa chai yangu wakala michembe mpaka wakaomba ya kufunga. Alipowarudishia, limezibwa na limetiwa kibati, yule mama alimkumbatia. Fundi akasimama mikono chini kama mwanafunzi anayesubiri kuchapwa. Walipoondoka nikamwambia, "Fundi, leo umekumbatiwa na mzungu!" Akasema, "Begi lao zuri. Ila wamelishona kwa ajili ya mvua. Vumbi hawakulifikiria." Ni hilo tu lililokaa kichwani mwake.

Watu walimuuliza kwa nini hatengenezi ya mabati pande zote, masanduku magumu, mbona yanafungwa na kufuli. Alikuwa mpole, lakini hapo anakuwa mkali. "Sanduku likianguka na wewe linakuvunja mguu. Begi likianguka na wewe linakuwa godoro." Na alisema tena, "Mzigo usiongee." Maana yake ukiwa barabarani usisikie kitu kinagonga, kinacheza, kinapiga kelele. Mzigo ukianza kuongea, simama. Mshono ukifumuka unatembea, turubai linaingia gurudumu la nyuma, cheni inalivuta, na nyuma yako kuna lori la Isaka halina habari na wewe. Alilijua hilo, na sisi tulilijua. Ndiyo maana mshono wake ulikuwa umenyooka vile, sindano inakaa pale ilipotakiwa, kama kuku anadonoa mtama.

Halafu mikono ikaanza.

Mwanzoni nilidhani ni baridi. Mwezi wa saba huku asubuhi kuna baridi ya upepo. Nilikuwa nampa chai, kikombe kinagonga kisahani, ti-ti-ti-ti, nikamtania, "Fundi, mzigo wako unaongea." Akacheka na yeye. Najuta kusema vile mpaka leo. Mwezi wa saba ukapita, jua likarudi, kikombe kikaendelea. Akaacha kutumia kisahani. Baadaye akaacha kunywa nikiwa namwangalia.

Alinieleza siku moja tu, mvua imetubana, hakuna mteja. Kabla ya mabegi alikuwa Rwamgasa, kwenye dhahabu. Kazi yake ilikuwa kuchoma. Mchanga wa dhahabu wanauosha na zebaki, wanauchanganya kwa mkono mtupu kwenye karai, wanakamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Kile kidonge unakichoma kwenye moto wa mkaa, zebaki inapanda moshi, dhahabu inabaki.

"Ulikuwa unachomea wapi?" nikamuuliza.

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani nilipolala. Mlango nimefunga, dirisha nimeziba na blanketi."

"Mungu wangu! Kwa nini usichomee nje?"

Akaniangalia kama mimi ndiye sina akili. "Mama Kabula, ukichomea nje watu wanaona umepata. Wanajua ni kubwa kiasi gani. Unataka waje kukutembelea? Wote tulifunga milango. Ukipita jioni mtaani huoni mtu, unasikia watu wanakohoa tu ndani ya nyumba."

Miaka mingapi? Akasema hakuhesabu. Aliacha kwa sababu mdomo ulikuwa una ladha ya msumari kila siku. Akadhani ameshaacha, basi, yameisha.

Sasa nikwambieni habari ya Kabula, mwanangu. Huyu ni mwanamke anayeendesha pikipiki yake mwenyewe, anapeleka vitenge na dagaa huko machimboni, wanaume wanamshangaa anawapita. Siku moja akamletea Fundi pikipiki mpya, Fundi ameizunguka, Kabula amekaa, magoti yamepimwa, vitenge na dagaa vimesemwa waziwazi. ("Dagaa Doto, vitenge Kulwa," Fundi akaamua, "wasikutane.") Begi likashonwa siku nne badala ya mbili. Likatundikwa na mchanga. Nikaenda upande wake kuchukua sufuria yangu, nikaliangalia.

Mshono ulikuwa unatangatanga. Sijui niseme nini. Kama njia ya mbuzi. Mahali sindano imerudia mara tano palepale, mahali imeruka kidole kizima.

Kabula akaja, akalipokea, akashukuru, akalipa. Nikamvuta nyuma ya kibanda.

"Umeuona mshono?"

"Nimeuona, mama."

"Hupandi na hilo begi."

"Sasa nifanyeje? Nimrudishie? Mwambie wewe basi, ni rafiki yako."

Nikatoka nimwambie. Wallahi nilitoka na maneno yangu mdomoni. Nikamkuta ameweka mikono yote miwili chini ya makalio, ameikalia, kama mtu anayezuia kuku wasitoke tengani. Akaniangalia, akasema, "Kabula amelipenda?" Nikasema, "Amelipenda sana." Nikarudi.

Tukalipeleka kwa fundi viatu. Huyu anakaa mwisho wa kituo kule, chini ya mwavuli, anashona raba na mikoba. Tukamwomba apitishe mshono wa pili juu ya ule wa kwanza, kwa sindano ya mkono, uzi wa rangi ileile. Hakuuliza. Alikaa nalo mpaka saa kumi, na hakutaka chochote kwa Kabula. Baadaye nikajua kwa nini hakuuliza. Kabula hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa sita au wa saba.

Ndivyo tulivyoishi, ndugu zangu, karibu mwaka na nusu. Mtu anatoa begi kwa Fundi, anashukuru, anaondoka kuelekea Geita, akifika kwenye kona anazunguka nyuma ya maduka mpaka kwa fundi viatu. Kituo kizima kilijua. Wapiga debe walijua. Mteja mgeni akifika tunamnong'oneza kabla hajaondoka. Hakuna aliyepanga, hakukuwa na kikao. Tulikuwa kama watu wanaoshika ukuta usianguke kwa vidole.

Na maji nayo. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Unakumbuka lazima amwagie ndoo ya maji. Sasa mshono unavuja. Nakumbuka siku mteja alikuwa kijana wa Katoro, anauza simu, watu wamezunguka. Fundi akanyoosha mkono kwenye dirisha langu, mkono unaruka, nikalazimika kuufuata na andazi kama namlisha ndama. Akalitia. Akafunga. Maji. Akafungua, akatoa andazi, na maji yanachuruzika kiwikoni kwake, kila mtu anaona. Akalila lote. Maji yakashuka kidevuni.

"Kavu," akasema.

Halafu yule kijana, Mungu ambariki alipo, akasema, "Kavu kabisa, Fundi."

Na sisi wote, "Kavu, Fundi! Kavu!"

Nikaingia ndani, nikajifanya napuliza moto.

Nikampeleka hospitali. Alikataa mara tatu, ya nne nikamdanganya kwamba mimi ndiye mgonjwa, anisindikize. Tukapanda basi, si mnajua hapandi pikipiki. Daktari alikuwa mtoto mdogo tu, sawa na mjukuu wangu mkubwa, mstaarabu, shikamoo zake zimejaa. Akamwambia Fundi aguse pua yake kwa kidole. Fundi akagusa shavu. Akamwambia achore mstari kwenye karatasi. Mimi nikaangalia dari. Akamuuliza kazi za zamani, Fundi akajibu kila kitu, hakuficha. Daktari akavuta kiti karibu. Akasema ni ile zebaki, imeshaingia kwenye mishipa ya fahamu, kwamba angewahiwa mapema labda, lakini kwa sasa hana dawa ya kuirudisha mikono ilivyokuwa. Kuna vidonge vya kutuliza kidogo, tujaribu.

"Na cherehani?" Fundi akauliza.

Daktari akaanza kuandika vile vidonge.

Fundi naye akawa anaangalia begi la mgongoni la yule daktari, limetundikwa mlangoni. "Mkanda wako wa kushoto unaachia," akamwambia. "Uje nao, nitakushonea." Yule mtoto akasema, "Nitakuja, mzee." Tukatoka. Nje nikamwambia Fundi tutafute kwingine, kuna hospitali kubwa Mwanza, kuna waganga, kuna watu wanaombea. Tulikwenda, si kwamba hatukwenda. Mganga mmoja alisema amerogwa na mshona viatu. Hapo Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

Vidonge vilimpa usingizi, mikono ikabaki vilevile.

Alikuwa na mambo yake mengine, sio kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mbishi wa mpira, anashangilia timu ikishinda tu, ikishindwa anasema yeye hajui mpira. Alikuwa haazimishi mkasi. Hata mimi, miaka yote ile, nikiomba mkasi nikate kamba ya gunia, anakuja mwenyewe anakata, anarudi nao. Wanawake walimpenda, sijui kwa nini, labda kwa sababu alikuwa anasikiliza. Mkewe alishafariki kabla sijamjua. Binti yake mmoja ameolewa Ushetu kwenye tumbaku, anakuja Krismasi anamfulia kila kitu mpaka pazia.

Siku ya mwisho ya cherehani ilikuwa Jumanne, siku ya mnada, watu wengi, ng'ombe wengi. Nikasikia cherehani imenyamaza katikati. Fundi hakulia, hakuita. Nikachungulia, sindano imepita kwenye ukucha wa kidole cha shahada, imetokea upande wa pili, imemshona na turubai. Amekaa tu anaiangalia. Nikazungusha gurudumu kwa mkono taratibu, sindano ikapanda. Nikararua pindo la kanga, nikamfunga. Na mimi ninavyofunga naongea, si mnanijua, naongea habari ya mnada, ya ng'ombe aliyekanyaga nyanya, chochote.

Akanikatiza. "Mwambie fundi viatu asipitishe mshono ukingoni sana. Namwachia turubai upana wa vidole viwili kila upande. Aingie ndani, asiogope."

Fundo likanikwama mkononi.

"Mwanzo sikuwa namwachia," akasema. "Akawa anapata shida, anatoboa palepale nilipotoboa. Turubai likitobolewa mara mbili linachanika. Basi nikaongeza."

"Umejua tangu lini, Fundi?"

"Tangu la Kabula. Lilirudi kuzibwa tundu. Mkono wangu siujui?"

"Na ukanyamaza."

"Na nyinyi mlinyamaza." Akaangalia kidole chake, pindo la kanga limeshalowa damu. "Sasa hata hivyo vidole viwili siwezi kuvipima tena, Mama Kabula. Turubai linakimbia."

Akaomba nimsaidie kufunika cherehani. Binti yake akaja wiki ile na gari la kukodi, akambeba yeye na vitu vyake. Cherehani akampa fundi viatu. Na mkasi.

Sasa ni mwaka umepita. Mwezi uliopita Kabula alikuwa na safari ya Ushetu, nikamwambia leo unanipakia, nife au nipone. Nikafika mgongo umekufa ganzi lakini nimefika. Nyumba ya binti iko kando ya barabara, mabanda ya kukaushia tumbaku nyuma. Kabula akaendelea na safari yake, akaniacha hapo.

Fundi amekaa ndani, amegeuzia mlango mgongo, kwa sababu hataki wapita njia waione mikono. Amekonda. Akanisalimu, "Mwadila, mayu," kabla sijasema neno, eti amenijua kwa miguu ninavyoburuta. Nikamjaza habari zote, nani ameoa, nani amefumaniwa, fundi viatu anavyojitahidi na mabegi ila Doto wake anakaa upande. Alicheka. Binti akaleta ugali na maziwa, akakaa karibu na baba yake, akashika tonge.

"Mama Kabula," akasema Fundi, "geuka kidogo."

Nikageuka. Nikaangalia ukutani mpaka binti alipotoa vyombo.

Tukakaa. Kwa mara ya kwanza nikaishiwa. Kila neno nililokuwa nalo nilishalisema, na lingine lililobaki lilikuwa pole, na pole yenyewe ya kazi gani? Nje ikapita pikipiki. Fundi akainua kichwa, hakugeuka.

"Ina begi?"

Nikachungulia mlangoni. Ilishapita, naona vumbi tu na mgongo wa mtu, na siti tupu.

"Ina begi," nikasema. Mdomo huu.

"Laini?"

"Laini. Mapacha. La bluu."

"Limekaa sawa? Halikuinamia upande mmoja?"

"Limekaa sawa kabisa, Fundi. Limejaa vizuri. Wala haliongei."

Halafu mabega yakaanza kumcheza, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Wewe mama," akasema. "Mlio ule ni wa pikipiki ya mkwe wangu. Haina hata keria."

Nikacheka na mimi, nikacheka mpaka nikashika mbavu, binti akaja kuchungulia kuna nini. Tulipotulia mikono yake ilikuwa inaruka mapajani kwake kuliko mwanzo, kicheko kimeiamsha. Nikavuta kigoda changu. Mimi ni mzee, nani atasema nini? Nikaichukua yote miwili, nikaiweka kwenye kanga yangu, nikaifunika na yangu, nikaikandamiza kwa nguvu zote ninazokandia unga.

"Umeishika?" akaniuliza.

"Nimeishika."

Nikabana zaidi. Ikaendelea tu kutetemeka humo ndani, mpaka na kanga yangu nayo ikawa inatetemeka.